Kompyuta ya Barua na Kompyuta ya Blogu

Dukani kwangu kuna kompyuta mbili. Moja iko kaunta, karibu na mashine ya kutoa kopi, nayo ni ya wateja: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mikataba ya kuuziana viwanja, malalamiko kwa wakubwa na malalamiko juu ya wakubwa. Haijawahi kuunganishwa na intaneti tangu niinunue. Nyingine iko nyuma ya pazia, juu ya meza ambayo marehemu baba alikuwa akikatia vitambaa, nayo ni ya blogu. Kutoka moja hadi nyingine ni hatua nne. Kwa miaka mingi heshima yangu hapa Bariadi ilikaa katika hatua hizo nne.

Baba alikuja huku kutoka Tabora na mzigo wa kanga, akaoa Msukuma wa Sola, akabaki. Kwa kuuza kanga alijua mengi. Alijua nani amenunua doti mbili zinazofanana na kuzipeleka nyumba mbili tofauti. Hakuwahi kusema. "Duka lina macho, halina mdomo," aliniambia kila niliporudi kutoka shule na maswali yangu. Mimi nilizaliwa na mdomo. Nilipoligeuza duka lake kuwa steshenari, na mwaka uleule nikaanzisha blogu ya siasa na mambo ya siku, niliona njia pekee ya kumtii baba bila kujinyima ni kuwa na mashine mbili. Nikiliona jambo barabarani, mkutanoni, au kwenye karatasi zilizobandikwa ubao wa matangazo, naliandika. Nikilichapa kwa ajili ya mteja, kwangu limekufa.

Nilikuwa natoa makala Jumatatu na Alhamisi. Niliandika juu ya bei ya pamba na mizani ya kupimia pamba, barabara zilizochongwa wiki moja kabla ya mgeni na kuachwa wiki moja baada yake, vikao vya madiwani, kampeni, maji. Kanuni za leseni za blogu zilipotoka, wenzangu wengi wa mikoani walifunga. Na mimi nilifunga, nikakaa miezi kadhaa nikiandika kwenye daftari kama mtu anayeongea peke yake, kisha nikaomba leseni nikarudi. Sikurudi kwa ushujaa. Sikuweza kutulia tu. Nikipita ofisi yoyote yenye watu wamepanga foleni, miguu yangu husimama yenyewe, na nisipojua foleni ile ni ya nini, chakula cha mchana hakipiti.

Kwa sababu ya udhaifu huo nilijiwekea utaratibu mkali. Nina madaftari yenye namba kwenye jalada. Ukurasa wa kushoto naandika nilichokiona, wa kulia nilichoambiwa. Cha kulia hakiendi kwenye blogu mpaka nimekwenda kukitazama na kikahamia kushoto. Na nikikosea, masahihisho yanakaa juu kabisa ya makala, kabla ya kichwa cha habari, ili msomaji aanze na aibu yangu. Nilijivunia utaratibu huo. Nauelezea kwa urefu kwa sababu nitaeleza nilivyouvunja.

Alikuja asubuhi ya Jumatano, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha bluu, mkononi ana daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ndani ya daftari kulikuwa na barua ya mkono, imelazwa kama picha ya harusi isije ikajikunja.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu, nami nikamwitikia. Kwetu mayu ni mama, na kila mwanamke anayestahili heshima ni mayu hata akiwa mdogo kwako.

"Wewe ndiye unayechapa mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Maana kule kwa jirani yako walinichapia barua ya kijiji kizima bila mwenyekiti."

"Bila mwenyekiti?"

"Jina lake waliliruka. Alinuna wiki nzima, tukawa tunamwomba radhi kama tumemwua."

Alikuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya kijiji chao, kijiji cha wakulima wa pamba na choroko, mwendo usiofika saa moja kwa pikipiki kutoka mjini. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alinipa sharti moja: kijiji kisitajwe, wala mtu yeyote wa huko. Nimelikubali, na nimeongeza kwamba hata mimi sitajitaja.

Alivuta kiti akakaa ubavuni mwangu, akawa anafuatisha kwa midomo kila mstari uliotokea kwenye kioo. Barua ilikwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ilieleza kwamba wananchi walijitolea mawe, mchanga, maji na nguvu zao, wakajenga boma la zahanati hadi kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Kwamba mabati yaliletwa mwaka uliopita, na kwamba yamehifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwamba mbao na fundi bado. Kwamba wajawazito wanabebwa kwa pikipiki hadi kituo cha mbali, na mvua zikianza njia ya mbugani haipitiki kabisa. Wanaomba paa kabla ya mvua.

Nilipomkabidhi karatasi, aliisoma yote tena akiwa amesimama, kisha akaigusa kompyuta kwa ncha ya kidole.

"Na hii inabaki humu ndani?"

"Inabaki, lakini haiendi popote."

"Haya. Wabeja, mayu," alinishukuru.

Akaifunga barua yake kwenye nailoni, akaondoka.

Siku tatu zilizofuata sikukaa. Nilipanga upya rafu za bahasha. Nilikwenda stendi bila safari, nikarudi. Nilianza makala ya bei ya dagaa wa Lamadi, nikaifuta, nikaianza tena. Kilichonisumbua kilikuwa sentensi moja. Mabati yamehifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unanukia, na kila mwenye kiti alikuwa na mtu anayekitaka. Mabati ya umma, mwaka mzima, chini ya kitanda cha kiongozi! Mtu wa mjini akisikia hivyo hahitaji kuambiwa zaidi.

Jumapili nilijidanganya vizuri. Nilijiambia kwamba boma la zahanati halijajificha, liko wazi, mbwa na mbuzi wanaliona. Nikienda nikaliona, nimeliona. Nikakodi bodaboda.

Boma lilikuwa kama nilivyolichapa. Matofali yamefika lenta, yamenyooka kwa namna inayoonyesha watu walipima wakiwa na upendo. Ndani nyasi zilinifika magotini, na katika chumba ambacho dirisha lake dogo la juu lilinionyesha kwamba ndicho cha kujifungulia, mbuzi wawili walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Niliwapiga picha. Nikiwa nainua simu, nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa mwanaume mfupi mwenye koti la kijivu lililokataa kufunga vifungo, na kabla hajajitambulisha nilijua ndiye, kwa jinsi alivyotazama kuta kwanza kabla ya kunitazama mimi.

"Karibu sana. Tumefika lenta," alisema mwenyekiti, kama mtu anayesema tumefika Makka.

Alinitembeza chumba kwa chumba. Alinionyesha pale ambapo wanawake walimwaga maji wakati wa kuchanganya zege, na mawe yalikotoka. Akamwita mkewe, mkewe akaleta bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga, nikala nikiwa nimesimama. Nilimwuliza juu ya mawe, mchanga, idadi ya vyumba. Alijibu yote. Kila alipomaliza jibu nilingoja, nikitumaini ataongeza habari za mabati, na kila mara alinyamaza hapohapo. Sikumwuliza. Ningemwulizaje? Kama ningetamka neno bati, angejiuliza mgeni huyu amelipata wapi, na mtu wa kwanza kufikiriwa angekuwa mwanamke aliyetumwa na barua. Kwa hiyo nilinyamaza ili kumlinda katibu. Halafu ule ukimya wa mwenyekiti nikauchukua kuwa ushahidi.

Jioni ileile nilifungua daftari. Ukurasa wa kushoto nikaandika: boma, nyasi, mbuzi. Kalamu ikakaa. Kisha, palepale upande wa kushoto, nikaandika: mabati yako kwa mwenyekiti. Nilijiambia kwamba nimeyaona. Kwenye karatasi ndiyo, lakini nimeyaona.

Makala ilitoka Jumatatu na picha ya mbuzi. Sikutaja jina la mtu, ila kijiji nilikitaja. Kichwa cha habari kilisema boma halina paa na mabati yako nyumbani kwa kiongozi. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameipiga picha kwenye simu zao na kuitupa kwenye makundi, picha juu ya picha, mpaka maandishi yakawa na ukungu. Blogu yangu ilikuwa na siku nyingi haijasomwa hivyo. Siku hizi watu wanataka video fupi, na mimi naandika tu. Nilikuwa nikinyanyuka kaunta kila baada ya mteja, nakwenda nyuma ya pazia kutazama idadi ya wasomaji inavyopanda, narudi, nakosea chenji. Jirani yangu wa steshenari ya pili alipita mlangoni akaniinulia dole gumba.

"Leo umewavua nguo!"

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Alhamisi katibu alikuja mikono mitupu. Hakunisalimu. Kwetu mtu akiingia bila salamu, kabla hajafungua mdomo umeshajua.

"Ulisema haiendi popote."

"Mayu, sikunakili barua. Nilikwenda mwenyewe, nikaona boma."

"Na mabati uliyaona?"

Nikaanza kupanga kalamu kwenye kopo.

"Nakuuliza. Uliyaona mabati?"

"Hapana."

"Basi yaliingiaje kwenye simu?"

Alikaa kwenye kiti kilekile, safari hii amekigeuza kikaelekea mlangoni, akanieleza kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma orodha. Mabati yalipoletwa, mkutano wa kijiji wenyewe ndio uliokubaliana yakae kwa mwenyekiti, kwa kuwa nyumba yake ina mlango wa chuma, na likipotea hata moja yeye ndiye atakayelipa kwa ng'ombe wake. Wakakubaliana pia lisitoke neno. Kijiji cha jirani kiliibiwa mabati yake yote kwa usiku mmoja. Wao waliyaficha kwa kunyamaza, kijiji kizima, mwaka mzima. Barua ile peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kusema, kwa sababu mkurugenzi alipaswa kujua vifaa viko salama. Na barua alikabidhiwa yeye.

"Sasa wamenitenga," alisema.

Mtu asiye wa huku anaweza kudhani ni kununiwa tu. Mtu aliyetengwa haombi moto kwa jirani akapewa. Msimu wa kuchuma pamba hakuna mkono wa kumsaidia. Akifiwa, kaburi atachimba na watoto wake.

"Jana nilikwenda kusaga. Nimefika, mwenye mashine akazima injini, akaniambia mafuta yamekwisha. Nikageuka na mahindi yangu kichwani. Sijafika njiani, nikasikia ameiwasha."

Nilisimama nikaenda kuelekea pazia. "Naifuta sasa hivi."

"Usiifute!" Mara ya kwanza alipandisha sauti. "Ukiifuta watasema nimekuja kukulilia, au nimekuletea kuku. Jumamosi kuna mkutano. Uje na hiyo simu yako, uje useme mwenyewe ulivyopata."

"Nije niseme nini?"

"Mimi nitajuaje? Si wewe ndiye mwandishi?"

Nilikwenda. Njia nzima nilimwambia dereva wa bodaboda aongeze mwendo, na tulipokaribia nikamwambia apunguze.

Mkutano wa namna ile wazee wanauita dagashida, na wao waliufanyia ndani ya boma, kwenye ukumbi usio na paa. Watu walikaa chini wakiegemea kuta walizojenga. Katibu alikaa kwenye uwazi wa mlango, na pembeni yake pande zote palikuwa na nafasi ya kutosha ng'ombe kulala. Niliposimama, mzee mmoja alisema nisianze kujieleza. Nisome kwanza nilichoandika, chote, wasikie. Wengi walikuwa wamesikia habari zake tu, hawakuwa wameisoma. Na kwa kuwa nyumbani tulikua na Kiswahili cha baba, na Kisukuma changu ni cha sokoni, cha kuuzia na kusalimia, walihitaji mtu wa kutafsiri.

Mwenyekiti akainuka.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inifunike. Nilisoma sentensi, naye akaigeuza Kisukuma, sentensi baada ya sentensi. Hakuruka neno. Nilipofika pale nilipoandika kwamba kiongozi alionyesha kila kitu isipokuwa kile ambacho wananchi wanakitafuta, niliisoma bila kuinua macho. Yeye alingoja, akanitazama, kisha akaitafsiri kwa sauti ileile aliyotafsiria mbuzi na nyasi. Nimesoma maandishi yangu kwa sauti mara nyingi nikiyahariri. Sikuwahi kuyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtu ambaye yamemwuma.

Nilipomaliza, swali la kwanza lilitoka kwa mwenyekiti mwenyewe.

"Ulikuja, tukakusalimu, ukala michembe yetu. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungejua nimesoma barua. Nilikuwa namficha katibu."

Watu walinong'ona. Bibi mmoja aliyekaa chini ya dirisha akasema kitu kwa Kisukuma, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Nikamtazama mwenyekiti anitafsirie.

"Anasema, ulimficha kwa kumtangaza redioni."

"Na wewe kwa nini hukuniambia habari za mabati?" nilimwuliza. Nilijiona mjinga hata wakati nauliza, lakini swali lile lilikuwa limenikaa kooni kwa wiki nzima.

"Mgeni amekuja na pikipiki, anapiga picha kuta zangu. Nimwambie kwangu kuna mabati, aje na gari?" Kicheko kikarudi, kisha kikakatika alipoendelea. "Sasa sungusungu wanalinda nyumba yangu kila siku. Vijana hawaendi mashambani. Mkoa mzima unajua yaliko."

Nilisema yote. Kwamba katibu hakunipa barua, aliniletea nichape. Kwamba aliniuliza nikamhakikishia. Kwamba kosa lilikuwa kwenye mkono wangu na halikuwa kwenye mdomo wake. Mtu mmoja akataka kujua kama naweza kuapa. Nikaapa.

Wakajadiliana kwa muda mrefu, kwa kasi ambayo Kisukuma changu hakikuifikia. Kisha wakanieleza uamuzi. Mimi si wa pale, kwa hiyo hawawezi kunitenga. Nitaleta misumari ya bati, ya kutosha paa zima. Na nitaandika kwenye blogu yangu, juu kabisa, maneno watakayonipa.

"Andika kwamba mabati hayapo tena kwa mwenyekiti," alisema yule mzee wa kwanza.

"Mmeyahamisha?"

"Wewe andika."

Nikatazama chini. "Siwezi kuandika kitu ambacho sijakiona."

Kelele iliyozuka hapo sitaisahau. "Leo ndiyo hawezi!" mtu alipiga kelele, na wengine wakarudia, wakijipiga mapaja. "Mayu leo hawezi!" Nilisimama katikati yao nikiwa nimeshika daftari kifuani, nikingoja wamalize. Yule bibi wa dirishani hakucheka. Alisema maneno machache, na kelele zikatulia.

"Anasema tumwonyeshe," alisema mwenyekiti.

Basi wakaondoka wote, nami nyuma yao, hadi kwenye mlango wa chuma. Mabati yalitolewa nje mchana kweupe, mapya, yaking'aa mpaka macho yanauma. Yalikuwa marefu, hakuna mtu mmoja anayeweza kulibeba moja bila kulikunja, kwa hiyo watu walijipanga wawili wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Katibu alisogea akashika ncha ya bati lililokuwa juu. Akasimama. Jozi zilizokuwa nyuma yake zikampita, zikachukua mabati mengine. Nilihesabu jozi tatu. Nilipiga hatua kwenda kushika ncha ya pili, na mama mmoja akanishika mkono, bila ukali, akanirudisha nilipokuwa. Halikuwa langu kulishika. Ndipo mwenyekiti akavua koti lake, akaliweka kwenye kizingiti, akainama akashika ile ncha. Wakanyanyua, wakaenda.

Mimi nilirudishwa bomani na mlinzi mmoja, nikakalishwa nikitazama ukuta, hadi watu wote waliporudi mikono mitupu. Njia ya kurudi mjini niliandika nikiwa juu ya pikipiki, mwandiko ukirukaruka, ukurasa wa kushoto: mabati yameondolewa nyumbani kwa mwenyekiti mbele ya macho yangu. Yalikopelekwa sikukuona.

Hayo ndiyo masahihisho, na mpaka leo yako pale juu, pamoja na maelezo kwamba kijiji chenyewe ndicho kilichomkabidhi mwenyekiti mabati. Walioyasoma ni wachache. Ile picha yenye ukungu bado inazunguka bila masahihisho, na kila msimu wa kutafuta kura huibuka kwenye kundi fulani, mtu akanitumia na alama za kushangaa, kana kwamba sijawahi kuiona. Nimeshajibu mara nyingi mpaka nimeacha. Halafu nikaanza tena kujibu.

Paa liliwekwa kabla ya mvua. Kuna wanaosema blogu ndiyo iliyoharakisha fundi. Kuna wanaosema barua peke yake ingetosha. Ningependa kuamini la kwanza, na kwa kuwa ningependa kuliamini, nimeliacha ukurasa wa kulia. Misumari niliyopeleka iko huko juu, sijui ni ipi.

Katibu alirudishwa kundini, mashine ya kusaga haikuzimwa tena, lakini ukatibu hakurudishiwa. Siku ileile ya mkutano, daftari la kamati lilipewa mtu mwingine. Hilo hakuna aliyenitafsiria. Niliona daftari likipita kutoka mkono hadi mkono kwenye uwazi wa mlango, nikaelewa. Na watu wa kijiji kile wakawa wanapita mbele ya duka langu na karatasi zao kwenye nailoni, wanakwenda kwa jirani. Nilikuwa nikiwaona, nainuka kwenye kiti, nakaa. Nilifikiria kufunga blogu. Nikaandika hata makala ya kuaga, nikaihariri vizuri, nikaiacha. Jumatatu ilipofika nilikuwa nimeshika daftari niko mnadani, nauliza kwa nini mizani imefunikwa turubai.

Yule aliyekuwa katibu alirudi mwaka huu, siku ya Jumatano tena. Kwa jirani umeme ulikuwa umekatika upande wake wa barabara, wangu ulikuwepo. Aliingia, akanisalimu, nikamwitikia kwa sauti ya juu mno.

"Ni barua yangu mimi," alisema. "Si ya kamati."

Alikaa ubavuni mwangu, akafuatisha kila mstari kwa midomo. Sitasema barua ilihusu nini wala ilikwenda kwa nani. Naweza kusema tu kwamba nilipofika aya ya pili vidole vyangu vilipungua kasi, naye akaona. Nilipomaliza, aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, kisha akaigusa kompyuta kwa ncha ya kidole.

"Futa, nikiona."

Nikafuta. Nikafungua na kile kikapu cha kompyuta kinachohifadhi vilivyofutwa, nikakimwaga nacho, nikamgeuzia kioo aone kilivyo kitupu. Alitazama kwa makini kwa muda.

"Na kichwani?"

"Kichwani siwezi, mayu."

"Najua," alisema, akifunga nailoni yake. "Ndiyo maana nimekaa nikikutazama."

Akaenda. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Niliketi nyuma ya pazia kuandika juu ya bei ya choroko, na niliiandika, iko kwenye blogu, ni makala ya kawaida. Kuimaliza kulinichukua siku nzima. Kila baada ya sentensi mbili nilijikuta nimesimama kaunta mbele ya kompyuta ya wateja, nikitazama mahali ambapo barua ile haikuwepo tena. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi.